Huyu "Violin 3" Ni Nani? Tuandike Majina ya Ala Zetu Vizuri

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio mtu asiseme nimekuja hapa kufundisha watu kana kwamba mimi sijawahi kuchoma.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ya kupanga muziki niliipata Kisumu. Kikundi kimoja kilikuwa na shughuli kubwa, wakataka wimbo wa Kiluo upangwe upya kwa kwaya ya sauti nne, violin mbili, viola, cello, ngoma na orutu. Orutu ndiyo ilikuwa roho ya huo wimbo. Kwaya inanyamaza, orutu inaingia, inaongea peke yake kama dakika moja hivi, halafu wote wanarudi. Mpigaji alikuwa mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, tumwite Mzee tu. Mzee hasomi nota. Unampigia wimbo mara mbili, mara ya tatu yeye anakupigia kitu kizuri kuliko kile ulichoandika.

Nikafungua laptop, nikafungua programu ya nota, nikaanza kuongeza ala moja moja. Soprano, alto, tena, besi. Violin, violin, viola, cello. Nikafika kwa orutu. Sikuhangaika hata kuangalia kama iko kwenye orodha. Nilitaka tu sauti ya uzi unaopigwa kwa upinde, ili nikibonyeza nisikie kitu kinachokaribia. Nikaongeza violin ya tatu. Programu ikaniandikia pale pembeni "Violin 3". Nikasema, ah, hiyo nitabadilisha baadaye.

Na wewe unajua vile "baadaye" yetu huwa. Haikufika.

Karatasi zikachapishwa saiba, kila mtu na yake. Kwenye mazoezi ya mwisho kijana mmoja wa violin akaniuliza, "Boss, hii Violin 3 ni ya nani? Sisi tuko wawili." Nikamwambia aachane nayo, hiyo ni ya Mzee. Tukacheka, tukaendelea. Siku ya shughuli Mzee alipiga mpaka watu wakasimama kwenye viti.

Shida ilikuja jioni. Aliyekuwa anashughulikia malipo alitengeneza orodha yake kutoka kwa ukurasa wa kwanza wa karatasi yangu kuu, ile yenye nota za watu wote. Kwa akili yake, na hata mimi simlaumu, pale pembeni kuna majina ya ala zote, basi hao ndio watu wa kulipwa. Akaona violin tatu na jukwaani alikuwa na watu wawili wa violin. Akajua ile ya tatu ni makosa ya kuchapa, akaikata. Orutu haikuwa mahali popote. Ratiba iliyogawiwa wageni nayo ilikuwa imeandikwa vivyo hivyo: kwaya, violin, viola, cello, ngoma. Ala iliyosimamisha watu haikutajwa hata mara moja.

Mzee akafika kwa meza akaambiwa, "Pole Mzee, wewe hauko kwa orodha." Akanitafuta. Hakuja na hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Akaniuliza, "Nyathina, kwani kwa hiyo karatasi yako mimi nilikuwa wapi?"

Nilikosa la kumwambia. Jibu la ukweli lilikuwa, ulikuwa Violin 3, Mzee.

Usiku huo nilimtumia nauli kwa M-Pesa kutoka kwa pesa zangu. Malipo yake yenyewe yalifika baada ya wiki tatu, baada ya mimi kuchapisha ukurasa mpya na kuandika barua ya kueleza kosa langu. Wiki tatu, kwa sababu ya kazi ya sekunde kumi ambayo niliahirisha.

Kwa hivyo maoni yangu leo ni haya: ukiandika muziki kwa kompyuta, jina la ala ni kazi yako wewe. Programu ikikuandikia jina, inakisia tu. Haijui nani amekaa kwenye kile kiti na ameshika nini mkononi. Wewe unajua, na ukinyamaza umeamua kwa niaba ya huyo mtu kwamba hayuko.

Sauti ni ya kompyuta, jina ni la watu

Vijana wengi wanaoniandikia hapa wanachanganya vitu viwili, na ndivyo nilivyochanganya mimi. Kuna sauti ambayo kompyuta inacheza, na kuna jina ambalo linachapishwa kwenye karatasi. Ni vitu viwili tofauti. Ukichagua violin kwenye orodha, programu inakupa sauti ya violin na inakuandikia "Violin". Lakini unaweza kubadilisha jina likawa "Orutu" na sauti ikabaki ile ile ya violin ya kukusaidia kusikiliza. Hakuna kitu kitaharibika. Laptop yako haitanuna.

Kwa MuseScore, ambayo ni ya bure na ndiyo wengi wetu tunatumia, unabofya mara mbili juu ya lile jina lililo kushoto kwa mistari mitano. Dirisha linafunguka, na ndani yake kuna nafasi ya jina refu na nafasi ya jina fupi. Jina refu linatokea kwenye safu ya kwanza ya muziki. Jina fupi linatokea kwenye safu zinazofuata na kurasa zote za mbele. Kwa Sibelius unabofya jina lenyewe mara mbili unaandika hapo hapo. Kwa Dorico unaingia mahali pa kupanga wapigaji, unafungua sehemu ya kuhariri majina. Kila programu ina njia yake lakini wazo ni moja: refu mwanzoni, fupi baadaye.

Halafu usisahau karatasi ya mpigaji mmoja mmoja. Jina linaloandikwa juu ya karatasi yake mara nyingine linakaa sehemu tofauti na lile la pembeni. Unaweza kurekebisha karatasi kuu ikapendeza kabisa, halafu ukampa mtu karatasi ambayo juu bado imeandikwa "Violin 3". Fungua kila karatasi uiangalie kwa macho yako kabla hujaituma kwa WhatsApp.

Na kama unadhani jina ni kitu kidogo kuliko sauti, fikiria hili. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba inaacha kuendeleza Finale, programu ambayo imekuwepo tangu 1988. Watu walikuwa na kazi za miaka zaidi ya thelathini humo ndani. Wakaanza kuhamisha faili zao kwenda programu nyingine. Ukihamisha faili hivyo, sauti ulizochagua zinaweza kubadilika kabisa, maana programu mpya ina sauti zake. Kinachomwambia mtu wa programu mpya kwamba huu mstari ulikuwa wa nani ni jina. Kama uliandika "Violin 3" huku ukijua kichwani ni orutu, kichwa chako hakihami na faili.

Si kila zama watu waliandika

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya wazungu na usumbufu wa kompyuta. Hapana. Hata Ulaya kuna wakati watu hawakujali sana. Muziki mwingi wa sauti kadhaa wa karne ya kumi na sita ulichapishwa bila kusema ni ala gani ipige nini. Uliopo ndio ulipiga. Halafu mwaka 1597, kule Venice, Giovanni Gabrieli akachapisha kitabu cha muziki chenye kipande kinaitwa Sonata pian' e forte, na humo akataja ala kwa majina: huu mstari ni wa kornetto, huu wa violino, hii ni ya tromboni. Ni kati ya kazi za kwanza kuchapishwa namna hiyo. Claudio Monteverdi naye, opera yake L'Orfeo ilipochapishwa 1609, mwanzoni mwa kitabu kukawekwa orodha ya ala.

Kwa nini nakuambia hadithi ya Venice? Kwa sababu ile hatua ilikuwa na maana. Kuandika jina la ala ni kusema, sitaki ala yoyote tu, nataka hii. Sauti yake ndiyo nilikuwa naisikia nilipokuwa naandika. Sasa sisi tuko na orutu, tuko na chivoti, tuko na bung'o, na tunaziandikia muziki, lakini pale pembeni tunaziandika kama ala yoyote tu iliyopatikana.

Tulikariri shuleni kwa nini?

Kama ulisoma muziki sekondari unajua hii. Nyatiti ni ya Waluo. Litungu ni ya Wabukusu. Obokano ni ya Abagusii. Tulikariri, tukaulizwa kwenye mtihani, tukapata alama. Ungeandika "kinubi cha Kenya" kwenye karatasi ya mtihani ungepata sifuri, na mwalimu angekuita mbele.

Halafu tunamaliza shule, tunapata laptop, tunaandika "Lyre" kwa zote tatu.

Manze, hizo ala si moja. Obokano ni kubwa na sauti yake ni nzito, inanguruma kifuani. Nyatiti ina kamba nane na mpigaji anaweza kuvaa njuga mguuni na kugonga mdundo kwa ala yenyewe huku anaimba, mtu mmoja kama bendi nzima. Ukiandika "Lyre", mwongozaji wa kikundi kingine akishika karatasi yako ataleta gani? Ataleta iliyo karibu. Na wimbo wako utatoka kitu kingine.

Wengi duniani walisikia nyatiti kupitia Ayub Ogada, ambaye wimbo wake Kothbiro ulitumika kwenye filamu The Constant Gardener ya 2005. Wangapi waliisikia wakaipenda na hawajui hadi leo ile ala inaitwaje? Jina lisipoandikwa, mtu hana hata neno la kutafuta.

Ngoma ndiyo hudhulumiwa zaidi. Programu inakupa "Drum" au neno lake la jumla la ala zote za kugonga, na sisi tunaliacha hivyo hivyo. Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho. UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina mdundo wake. Hazipigi kitu kimoja. Lakini nimeona karatasi, na sitasema ya nani, ambapo ngoma zote tatu zimebanwa kwenye mstari mmoja na pembeni pameandikwa "African Drums". African gani? Bara lina nchi hamsini na zaidi. Huyo mpigaji wa ile ndogo atajuaje nota zake ni zipi?

Namna ya kufupisha bila kugombana na obo

Sasa tuingie jikoni kidogo, maana kulalamika bila kuonyesha njia ni kelele.

Jina refu andika lote, kwa umoja, kama linavyotamkwa na wenyewe. "Orutu." "Chivoti." "Nyatiti." Usiandike "Ala ya Kiasili ya Kiluo yenye uzi mmoja". Hayo ni maelezo, na maelezo yana mahali pake, nitakuja hapo. Jina refu likiwa refu kupita kiasi linasukuma muziki wa safu ya kwanza kulia na nota zinabanana. Ikibidi, likate kwa mistari miwili.

Jina fupi ndipo watu hufanya vituko. Kanuni ya kwanza: lisifanane na la mwingine aliye kwenye ukurasa huo huo, wala na kifupisho ambacho kila mtu anakijua tayari. Chukua obokano. Ukiifupisha "Ob." umekwisha, kwa sababu "Ob." duniani kote ni obo, ile ala ya kupuliza. Kuna siku mtu atamkabidhi mpigaji wa obo karatasi ya obokano na nyinyi wote mtakaa hapo mnaangaliana. Andika "Obok." Chivoti weka "Chiv." Kayamba weka "Kay." Nyatiti "Nyat." Orutu usiandike "Org." kwa kuteleza, hiyo ni kinanda cha kanisani.

Isukuti nayo ina mtego wake. Ukifupisha kwa herufi ya kwanza, kubwa ni K na ya kati ni K. Hapo umeleta shida mwenyewe. Njia ninayotumia mimi ni kuandika "Isukuti" mara moja nje ya mabano yanayoshika mistari yote mitatu, halafu kila mstari una neno lake: kubwa, kati, ndogo. Kwenye safu zinazofuata naweka "kub.", "kat.", "ndo." Inasomeka, na hakuna anayeuliza.

Mpigaji mmoja akibadilisha ala katikati, mwonye mapema. Kama anaacha chivoti anachukua kayamba, andika mahali anaponyamaza "chukua kayamba", halafu nota zikianza andika "Kayamba" juu yake. Usimwonye kwenye nota yenyewe, mtu ana mikono miwili tu. Na kuanzia hapo jina la pembeni libadilike pia. Programu nyingi zitakubadilishia ukitumia njia yake ya kubadilisha ala badala ya kuandika maneno matupu juu ya mstari.

Herufi ziwe za kawaida. Najua unapenda zile zenye mikia kama za kadi ya harusi. Mtu anasoma karatasi yako akiwa amesimama, taa ni hafifu, stendi inatikisika. Mwonee huruma.

Lugha nayo. Chagua moja na ukae nayo. Nimeona ukurasa mmoja una "Tromba", "Trombone" na "Trumpet" pamoja, na aliyeandika hajui kwamba tromba kwa Kiitaliano ndiyo tarumbeta. Amewaandika wapigaji watatu akidhani ni ala tatu. Ukikuta karatasi ya Kijerumani imeandikwa klarineti "in B", hiyo ni ile B♭ yetu, maana B ya kawaida Wajerumani wanaiita H. Vitu kama hivyo vinakula nusu saa ya mazoezi, na mazoezi tunalipia ukumbi.

Kwangu mimi, ala za Ulaya naziandika kwa Kiingereza zote au kwa Kiswahili zote, lakini ala zetu hazitafsiriwi. Orutu ni orutu hata kwenye karatasi inayoenda Berlin. Mwitaliano hakututafsiria cello.

Maelezo weka ukurasa wa mbele kabisa, kabla ya nota. Hapo andika orutu ni nini, ina uzi mmoja, inapigwa kwa upinde, umeandika nota zake kwa sauti halisi au umepandisha ili zisomeke. Andika sauti ya msingi umeipima wapi, kwa sababu Mzee hapimi kwa kinanda, anapima kwa koo la mwimbaji. Huo ukurasa mmoja unamwokoa mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

"Lakini wao hawasomi nota"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia sana, na nataka tuijibu kwa heshima kwa sababu ina ukweli ndani yake. Watu wanasema, wapigaji wengi wa ala za kiasili hawasomi nota, sasa jina kwenye karatasi linamsaidia nani? Si ni kujifurahisha sisi tulioenda shule?

Mzee hasomi nota. Na yeye ndiye aliyeumia zaidi kwa sababu ya jina lililokosekana. Fikiria hapo. Karatasi inasomwa na watu wengi kabla na baada ya mpigaji. Inasomwa na anayepanga viti, anayechapisha ratiba, anayeweka maikrofoni, anayeandika maelezo chini ya video, na huyo wa malipo. Wale wengine wana njia ya kujitetea, wanasoma, wanaona wamekosewa, wanalalamika mapema. Asiyesoma hana hiyo nafasi, anategemea wewe uliyeandika. Kwa hivyo kama kuna mtu ambaye jina la ala yake linahitaji uangalifu kuliko wote, ni yeye.

Hoja ya pili: ati ni muda. Bana, umekaa usiku tatu ukirekebisha mkunjo wa nota moja ya alto ambayo hakuna atakayeisikia. Una sekunde kumi.

Hoja ya tatu nimeisikia kutoka kwa walimu wangu wawili ninaowaheshimu, na hii inanipa shida kidogo. Wanasema nota zenyewe hazitoshi kwa ala hizi, orutu inateleza katikati ya sauti ambazo mistari mitano haizijui, kwa hivyo hata ukiandika jina sahihi bado umeidanganya. Nakubali nusu. Nota zangu za orutu zilikuwa mifupa tu, nyama aliiweka Mzee. Lakini ndio maana jina linakuwa na uzito zaidi. Mpigaji wa violin akiona "Orutu" kwenye mstari, anajua asipige kama violin. Atauliza. Atatafuta mtu wa kumwonyesha. Ukiandika "Violin 3" atapiga hizo nota safi kabisa, sawa kabisa, na itakuwa imekosewa kabisa.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na kila mwaka kuna walimu na wanafunzi wanapanga nyimbo mpya za jamii zetu. Zamani nyingi zilibaki kwa vichwa vya watu na kwenye madaftari ya sol-fa. Sasa zinaingia kwenye kompyuta. Miaka hamsini ijayo mtu atafungua hizo faili. Mpigaji hatakuwepo, na pengine hata sisi hatutakuwepo. Atakachokuwa nacho ni nota na yale maneno pale kushoto. Tusimwachie "Drum 1", "Drum 2", "Lyre".

Mzee na ukurasa mpya

Nilimalizia wapi? Ndio, ukurasa mpya. Baada ya malipo kufika nilimpelekea Mzee nakala nyumbani kwake, nje kidogo ya mji. Nilikuwa najiona nimefanya kazi safi sana. Nikamwonyesha safu ya kwanza, nikamsomea, "Orutu." Akaweka kidole hapo, akatingisha kichwa, akafurahi. Nikageuza ukurasa.

Akaweka kidole kwenye safu inayofuata. "Na huyu?"

Ilikuwa imeandikwa "Or."

Nikamweleza, Mzee, hiyo ni orutu pia, tumefupisha tu, ndivyo wanavyofanya. Akanyamaza. Akaangalia tena. Akaniuliza kwa nini violin pale juu imeandikwa "Violin" yote kila mahali na yake imekatwa.

Nikaangalia. Alikuwa sahihi. Ile programu ilikuwa na kifupisho cha violin lakini mimi nilikuwa nimekibadilisha kikawa jina zima, sikumbuki hata kwa nini, na orutu nikaikata kwa sababu nilisoma mahali kwamba lazima ukate. Orutu ina herufi tano. Violin ina sita. Hakuna nafasi niliyookoa.

Tangu hapo nikiwa na ala yenye jina fupi naliandika zima kila safu, na nafasi ikikosekana nafupisha zote kwa kipimo kimoja, za wageni na za nyumbani. Faili ile nimeirekebisha tena na ndiyo iko kwenye kiungo hapo juu ya ukurasa wangu, ichukueni bure.

Ombi langu kwako ni dogo. Leo kabla hujalala fungua faili ya mwisho uliyoandika. Usiangalie nota. Soma kushoto, kuanzia juu hadi chini, kama unaita majina darasani. Ukifika kwa jina ambalo hakuna mtu angeitikia, libadilishe. Halafu niambie hapo chini umepata nini, na kama una kifupisho kizuri cha bung'o kisichofanana na bongo, nakisubiri.